Mwaka Nilipopewa Mpinzani

Habari ya kifo cha Luhende ilinikuta nimekaa mbele ya piano nikiogopa. Hilo si jambo la ajabu. Nikikaribia onyesho huwa siwezi kula wala kuongea na mtu vizuri, na wanaonijua huniepuka kama mbwa mwenye mimba. Nina onyesho la peke yangu Mwanza, mimi na piano tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwa jinsi vidole vyangu vinavyoniuma siku za baridi nadhani litakuwa la mwisho. Watu wanaamini kwamba mpiga piano aliyezeekea kazini haogopi tena. Wanajidanganya. Nimepiga Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo, na nimetapika katika vyoo vya kumbi zote hizo, tena vingine vizuri kuliko sebule yangu. Daktari wangu alinipa vidonge vya kutuliza mikono, na kwa miaka mingi sijapanda jukwaani bila kumeza kimoja. Basi nilikuwa pale, nikiangalia vidole vyangu vikitetemeka juu ya wimbo ninaoujua kuliko jina langu, simu ikalia. Alikuwa Mbuke, mke wa Luhende. "Kabula," alisema, "mpinzani wako amelala." Hakusema mume wangu. Nikafunga piano, nikatia vidonge kwenye mkoba pamoja na khanga mbili, nikapanda basi kwenda Maswa.

Njia nzima nilikuwa namfikiria yeye na mwaka ule mmoja. Maisha yangu yote nimeulizwa na waandishi wa magazeti nani alinifundisha, na mimi hujibu kwamba ni Mama Filomena. Hawajawahi kuniuliza nani alikuwa mpinzani wangu. Mpiga piano hana mpinzani, wanajua hivyo wao. Kwetu hakuna ngoma ya upande mmoja.

Mama Filomena alikuwa Mgoa, mjane wa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, na alikaa Nyalikungu, mjini Maswa, katika nyumba yenye sakafu ya saruji nyekundu aliyoipaka nta kila Jumamosi kana kwamba askofu anakuja. Jinsi nilivyofika kwake ni habari ndefu ya ndugu na jamaa, haina faida hapa. Itoshe kwamba mwaka ninaousema nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, nimeishi naye tangu mdogo, namsaidia kushona na kupika, naye alikuwa amenifundisha piano kwa sababu hakuweza kuvumilia kuiona imefungwa. Piano yenyewe ilikuwa ya klabu ya wenye kiwanda; walipoondoka nchini waliiacha, marehemu mumewe akaihamishia nyumbani. Ilisimama ukutani chini ya picha ya Bikira Maria, miguu yake imewekwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasiipande. Sebule nzima ilinuka mafuta ya taa na nta. Mpaka leo nikisikia harufu ya kibatari, vidole vyangu vinataka kukunjika. Chakula chetu kilikuwa cha nyumba mbili: asubuhi mkate aliouoka mwenyewe, mchana ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, juu yake kaweka achari ya ndimu iliyotoa machozi. Mezani alinisahihisha yote mawili, namna ya kushika kijiko na namna ya kushika vidole juu ya kinanda, na wakati mwingine nilichanganya.

Mwaka huo ulikuwa wa kuhamia vijijini. Mji wa Maswa haukuhamishwa, lakini kila siku malori yalipita yamebeba milango, vitanda, kuku na bibi vizee, na watu wa malori walikuwa na nyuso za watu walioamshwa vibaya. Mvua ilikuwa imekosekana. Tulikula unga wa njano, ule wa msaada, ambao Mama Filomena aliupepeta mara nyingi akisali, na sukari ilipangiwa foleni dukani kwa Bwana Sefu. Mwaka kama huo mtu hatafuti sababu kubwa ya mambo, anatafuta jirani wa kulaumu. Na jirani mwenyewe ndiye mimi, ambaye kila alasiri, wakati wa jua kali mji ukiwa umelala, nilifunga madirisha ili vumbi lisiingie kwenye piano, nikakaa gizani nikarudia mistari miwili ileile ya muziki mpaka mwalimu wangu aridhike. Na mwalimu wangu hakuwa mtu wa kuridhika.

Nilisikia kwa masikio yangu dukani kwa Bwana Sefu. Nilikuwa kwenye foleni, nimejitanda khanga kichwani kwa ajili ya vumbi, na wanawake wawili mbele yangu hawakunitambua. Mmoja alisema, "Yule binti wa kwa Mgoa anapiga tena. Jana nilipita, madirisha yamefungwa."

"Anampigia nani?"

"Ndiyo hapo. Anapiga, anakatiza, anarudi palepale. Kama mtu anayeita, haitikiwi, anaita tena."

"Anamwita marehemu karani, nani mwingine? Mayu, mama wee, ngoma gani isiyo na mchezaji wala mtazamaji? Mchawi ndiye anayecheza peke yake."

Bwana Sefu, ambaye alikuwa ameniona, alikohoa na kugonga mizani kwa kijiko. "Jamani, sukari," alisema. "Tupime sukari." Mimi nilitoka kwenye foleni bila sukari. Nilipofika nyumbani Mama Filomena aliuliza iko wapi nikasema imekwisha. Sikumwambia nilichosikia. Nilikuwa najua vizuri, kama kila mtoto wa kule anavyojua, kwamba neno hilo likishamkalia mtu halitoki kwa sabuni. Kulikuwa na mama mmoja ng'ambo ya kiwanda aliyewahi kuitwa hivyo. Siku moja tulipopita tukakuta nyumba yake ni majivu na yeye hayupo, na hakuna aliyeuliza. Tangu siku ile ya foleni nilipiga piano nikisikiliza nyayo nje ya dirisha.

Mama Filomena hakuwa na habari hizo. Yeye alikuwa na habari njema. Chuo kimoja cha ualimu kilikuwa kinatafuta vijana wa kusomeshwa ualimu wa muziki, na mkaguzi angepita mkoani kuwasikiliza. Alikuwa amekubali kushuka Malampaka kwa treni na kuja Maswa kunisikiliza mimi. Ningepiga peke yangu, mbele ya watu, vipande vitatu. "Onyesho lako la kwanza," alisema, akanishika mashavu kwa mikono iliyonuka vitunguu. "Ukipiga vizuri, unakwenda." Hakusema nisipopiga vizuri nini kitatokea. Lakini nilijua. Chuo kisingenitaka, na mtaa ulikuwa umeshaanza kutonitaka. Ningebaki katikati, na katikati hakuna nyumba.

Katibu wa tawi la chama wakati ule alikuwa Bwana Maige, mtu mnene mwenye huruma aliyependa kila jambo liwe la watu wote. Alitupatia ghala la pamba la kiwandani, kwa kuwa msimu haukuwa umeanza na lilikuwa tupu. Aliahidi wapagazi wa kubeba piano. Akaahidi pia kutangaza kwa spika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kila alipotangaza aliulizwa swali moja, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alilitafutia jibu. Alikuja nyumbani asubuhi moja, akakalia ukingo wa kiti, akapewa chai na mkate wa Mama Filomena. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nimeshika birika.

"Mama," alisema, "onyesho lako ni zuri, ila lina upungufu."

"Upungufu gani, Bwana Katibu?"

"Binti hana mpinzani."

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Hahitaji mpinzani," alisema Mama Filomena. "Ni onyesho la mtu mmoja. Duniani kote ndivyo linavyofanyika."

"Duniani, sawa. Mimi sibishani na dunia. Lakini hapa watu wananiuliza, upande wa pili nani? Nikisema hakuna, wanaangaliana. Mama, samahani, nisikufiche. Yapo maneno. Mtu akipiga peke yake wanajiuliza anampigia nani. Akiwa na mpinzani, huyo ni mchezaji kama wachezaji wengine, maneno yanakufa. Basi usiwe na wasiwasi. Nimekwisha kumpata. Luhende amekubali."

Birika liliniponyoka. Halikuvunjika, lilikuwa la bati, lakini chai yote ilimwagika miguuni pangu na sikusikia moto.

Asiyejua kwetu ataona katibu alikuwa kichaa. Hakuwa. Ngoma zetu zina pande mbili, Wagika na Wagalu, na baada ya mavuno kundi la upande huu na la upande ule hupiga kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio huamua kwa miguu yao: wakivutiwa huku, wanahamia huku, na manju, yaani kiongozi wa ngoma, anayeachwa na uwanja mtupu ndiye ameshindwa, naye atachekwa mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo kumpa mtu mpinzani ni kumheshimu, ni kama kumletea mgeni mtu wa kula naye. Bwana Maige alinifanyia wema. Ila wema huo ulikuwa na ngoma, njuga, na manju aliyeogopwa kuliko wote kutoka Bariadi mpaka Shinyanga. Ilisemekana aliyepambana na Luhende sauti ilimkauka au ngozi ya ngoma ilipasuka katikati ya wimbo, maana dawa zake za kuvuta watu hazikuwa na kifani. Nilizisikia habari hizo tangu ninanyonya. Mama Filomena alipiga ishara ya msalaba na kusema maneno mengi ya Kigoa, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba mkaguzi hatasikia piano chini ya ngoma. "Atasikia," alisema Bwana Maige, akichukua kipande kingine cha mkate. "Ghala lina kuta."

Siku chache baadaye Luhende mwenyewe alikuja. Ndivyo desturi, mpinzani huja kukuona. Nilitegemea jitu. Akaingia mtu mfupi, kiasi cha miaka thelathini, jino moja la mbele halipo, ameshika fimbo ya kuchungia ng'ombe, akavua ndara zake mlangoni kwa sababu ya ile sakafu nyekundu. Mbuke, mkewe, alikuwa nyuma yake, msichana kama mimi, macho yake yote kwenye picha ya Bikira Maria. Tuliwapa viazi vikavu vilivyochemshwa, matobolwa, pamoja na chai. Luhende alikula kwa adabu, halafu akasimama mbele ya piano na kuitazama muda mrefu bila kuigusa. Aliangalia makopo chini ya miguu yake.

"Hii inalia kwa kupigwa au kwa kuvutwa?" aliniuliza.

"Kwa kupigwa," nilisema.

"Basi ni ngoma." Akanigeukia. "Na wewe ng'wanone, mwanangu, unaniogopa?"

"Yaya," nilimjibu, hapana, na nilijikaza hasa.

Akacheka akaonyesha pengo. "Wabeja," alimwambia Mama Filomena, kushukuru, akavaa ndara zake akaondoka. Nilikwenda kukaa chooni mpaka nikaitwa.

Kadiri siku zilivyokaribia mtaa uligawanyika, na kumbe na mimi nilikuwa na upande. Watu waliokuwa wakinikwepa walianza kunisalimia kwa sauti, "Mwangaluka, Kabula! Tutawatoa jasho!" Wengine, wa upande wa Luhende, walinitania sokoni kwamba nitapiga mpaka mbao zitoke majani na hakuna atakayebaki. Utani huo ulipaswa kunifariji, maana mchawi hataniwi. Haukunifariji. Nilikuwa sasa na hofu mbili badala ya moja: kwamba nitaachwa na ghala tupu mbele ya mkaguzi, na kwamba uwanja ukibaki mtupu yale maneno ya dukani yatarudi na meno zaidi. Wangesema hata Luhende ameshindwa kumfanya mtu. Nililala vibaya. Vidole vilianza kukosea mahali ambapo havijawahi kukosea, na Mama Filomena, aliyedhani ni uvivu, alinipiga viganja kwa rula.

Halafu asubuhi ya kubeba piano nilifunua kifuniko cha juu ili nifute vumbi, nikaona kitu ndani, kimening'inizwa kwenye nyuzi. Kilikuwa kifurushi cha kaniki, kidogo kama yai, kimefungwa kwa uzi mwekundu na kunuka mafuta ya ng'ombe. Nilipiga ukelele uliomleta Mama Filomena na sindano mkononi. Alikitazama, akaenda jikoni akarudi na koleo la mkaa, akakinyanyua kama panya aliyekufa na kukitumbukiza jikoni kwenye moto. Kilitoa moshi mweusi. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nikilia kwamba Luhende ameniloga, vidole vyangu vinakufa ganzi, sipigi tena. Na kweli vilikufa ganzi, sikuvisikia. Ndipo jirani yetu Mama Kulwa, muuza maandazi, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kwetu kuchota maji, akaja mbio kwa harufu ya ule moshi, akashika kichwa. "Mmechoma! Mmeichoma dawa yangu! Mayu, nimetoa mbuzi! Ilikuwa ya kumvutia Kabula watu!" Alilia kuliko mimi. Kwa hiyo sikuwa nimelogwa, nilikuwa nimesaidiwa, na msaada umeshakuwa majivu. Wapagazi walipofika walitukuta wanawake watatu tunabishana, mmoja anasali, na piano imeachama.

Ghala lilikuwa na harufu ya mbegu za pamba na magunia ya katani. Mkaguzi alikaa mbele, mtu mwembamba mwenye suti ya mikono mifupi na vumbi la Malampaka kwenye nyusi. Watu walijaa, waliobaki wakasimama milangoni. Mama Filomena aliketi pembeni yangu kunigeuzia kurasa. Mama Kulwa na upande wangu walikuwa mstari wa kwanza kabisa, tayari kwa vita. Nilikaa. Nikalitandaza vizuri gauni aliloshona Mama Filomena kwa pazia lake la sebuleni. Kipande cha kwanza nilikipiga na kukimaliza, watu wakatulia tuli, na utulivu ule ulinitia baridi, kwa sababu kwenye uwanja wa ngoma watu waliotulia ni watu wanaojiandaa kuondoka. Kipande cha pili kilikuwa cha polepole. Nilipiga mistari ya mwanzo, na nje, upande wa pili wa ukuta wa mabati, ngoma ya Luhende ikaanza.

Sijui namna ya kuielezea ngoma ile kwa mtu ambaye hajazaliwa kule. Iliingia kwa chini, kwenye sakafu, ikapanda kwenye miguu ya benchi. Kisha njuga, kisha sauti yake, na kiitikio cha wanawake. Niliona kwa pembe ya jicho watu wa milangoni wakigeuza vichwa. Wakatoka. Kisha wa nyuma wakainuka, kwa aibu kwanza, wameinama, halafu bila aibu. Mabenchi yalilia. Mama Kulwa aliwakemea, "Kaeni! Kaeni nyie!" akiwa mwenyewe bega linacheza. Nilikuwa naendelea kupiga na sisikii ninachopiga. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka sauti zikawa zinagonganagongana, kipande cha polepole kikawa kinakimbia, na Mama Filomena ananinong'oneza, "Usikimbie, mwanangu, usikimbie." Nilitaka kuinuka nikimbie kweli. Kitu kimoja tu kilinishika pale: nilijua kwamba kundi linaloacha kupiga ndilo limeshindwa kabisa. Nikafikiria yale majivu ng'ambo ya kiwanda. Nikaendelea, ghala likiwa limebaki na mkaguzi, Mama Kulwa, vizee wawili wasioweza kutembea haraka, na piano yangu inayotetemeka.

Halafu sauti ya Luhende nje ikakatika. Ngoma ziliendelea kidogo bila yeye, kama mkokoteni ulioachiliwa. Nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa ameingia, amevaa manyoya yake kichwani, njuga miguuni, jasho linatiririka kifuani, akatembea katikati ya mabenchi matupu, na kila hatua njuga zikalia. Nilijua anakuja kunimaliza. Alisimama ubavuni mwa piano, karibu kiasi cha kumgusa, akakunja mikono, akainamisha kichwa akasikiliza. Na kwa kuwa watu humfuata manju anakokwenda, watu wakaingia nyuma yake. Waliingia wote. Hawakukaa kwenye mabenchi. Walinizunguka kama wanavyozunguka wachezaji, bega kwa bega, mpaka nikahisi pumzi zao shingoni na mkaguzi akasukumwa ukutani na suti yake. Nje ngoma zilinyamaza. Nilipiga kipande cha tatu katikati ya mwili ule wa watu, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele mahali ambapo mtunzi, Mjerumani aliyekufa zamani, aliandika pawe kimya kabisa, na bibi mmoja akanifunga khanga kiunoni nikiwa bado napiga, kunituza.

Nilipomaliza Luhende aliinua usinga wake juu. "Nimeshindwa," alisema kwa sauti ya uwanjani. "Huyu ni mpinzani wangu. Mwenye neno naye aje anieleze mimi." Akatoka. Hakuna aliyekwenda kumweleza neno, siku ile wala baadaye. Jioni Mama Filomena alimsindikiza mkaguzi kwenye gari la kwenda Malampaka na kumuuliza ameonaje. Mkaguzi alikuwa bado anapangusa vumbi. "Penye polepole anakimbia," alisema. "Lakini hakusimama." Basi nikaenda chuoni.

Miaka yote iliyofuata, kila nilipokwenda Maswa nilimpelekea Luhende sukari na chumvi ya ng'ombe, na kila mara tulitaniana. Mimi nilimwambia, "Mzee, uwanja ulikuwa wa nani?" Naye alijibu, "Wako, mpinzani." Hata nilipokuwa na jina, hata gazeti lilipoandika habari zangu na picha, alisema hivyohivyo, akaonyesha mapengo yaliyoongezeka. Na mimi niliamini. Nilikuwa na hofu kila jukwaa, lakini chini kabisa ya hofu nilikuwa na jambo hilo moja: niliwahi kumshinda Luhende.

Tulimzika juzi. Jana wageni walipopungua, nilikaa na Mbuke jikoni tukila michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, na karanga kama wasichana. Mkoba wangu ulikuwa mezani. Nikamwambia naogopa onyesho la Mwanza, na kwamba sasa sina hata wa kumshinda. Nilikuwa natania.

"Hukumshinda," alisema Mbuke.

Nikamtazama.

"Mimi nilikuwa kwenye kiitikio, Kabula. Uwanja ulikuwa wetu. Ulikuwa umebaki na vizee. Akanipa ngoma yake mkononi, akasema shikeni hapo. Vijana walilia kwa hasira. Msimu ule nusu ya kundi ilimwacha, wakasema hatufuati manju aliyeshindwa na sanduku. Hakurudi tena kuwa Luhende yule. Hujui? Alichunga ng'ombe tu."

"Kwa nini aliingia?"

"Alisema alikusikia ukutani. Alisema, watu wananiambia huyu binti ni mchawi, na mimi nasikia mikono inatetemeka. Mchawi haogopi watu, watu ndio wanamwogopa yeye. Alisema, ngoja niwalete wasikie wenyewe."

"Angeniambia. Miaka yote hii!"

"Akuambie nini?" Mbuke alikuwa anacheka na machozi yanashuka kwenye michembe. "Kwamba ulishindwa?"

Nimeandika haya kwenye chumba cha wageni Mwanza. Onyesho ni kesho. Nimelia sana na macho yamevimba, mwenye ukumbi akadhani ni mafua akaniletea chai ya tangawizi. Mchana huu nimejaribu piano yao. Ni nzuri, haina mchwa. Mikono ilitetemeka vilevile, kama ilivyotetemeka kwenye ghala la pamba, na mwenye ukumbi akaniuliza kwa upole kama sina dawa yoyote ya kutumia. Nikamwambia ninayo, ila nimeiacha Maswa, mezani kwa mjane wa mpinzani wangu. Alitaka kumtuma mtu akaifuate. Nimekataa. Kesho nitapiga hivihivi, wasikie.